Kwa nini All Things Must Pass ni albamu ya solo hata kama studio ilijaa watu

Mkuu umeuliza inakuaje tuseme George Harrison katoa albamu ya solo wakati ukisoma majina ya waliopiga ni kama bendi tatu zimekutana. Nakujibu kwa niliyopitia mwenyewe maana hilo swali nami lilinisumbua sana.

Mi napiga gita, nilianzia kwaya alafu nikaanza kutunga. Nilipopata hela ya studio nikajiambia hii kazi ni yangu binafsi kwa iyo kila kitu nafanya mwenyewe, gita, besi, kinanda, drams tukapanga kwenye kompyuta. Nikaja kusikiliza nyumbani usiku, wimbo umelala kabisa, yaani kila chombo kinawaza kama mimi, hakuna hata sehemu moja mtu ananishtua. Iliniuma maana yale maneno nilikua nimeyabeba muda mrefu.

Kipindi hicho ndo nikaanza kuisikiliza vizuri All Things Must Pass. Harrison ndani ya Beatles, bendi yake ya Uingereza, mara nyingi alikua anapewa nafasi ya wimbo mmoja au miwili kwenye albamu, nyingi zilikua za wenzake John Lennon na Paul McCartney, nyimbo zake zikawa zinarundikana tu. Isn't It a Pity alikua nayo tangu 1966. Huo wimbo uliobeba jina la albamu wenzake waliufanyia mazoezi Januari 1969 na bado haukuingia kwenye albamu yao yoyote. Wah-Wah kaitunga siku ile ile aliyotoka mazoezini na kuwaacha. So 1970 bendi imekufa, anaingia studio London na mzigo wa miaka, Novemba anatoa sahani tatu kwa mpigo.

Sasa sikiliza alivyowatumia watu. Wimbo wa kwanza kautunga na Bob Dylan, na lile gita la solo linalolia pale ni Eric Clapton, yaani mtu anafungua albamu yake ya solo na solo anampa rafiki! Ringo Starr, mwenzake wa Beatles, yupo kwenye drams, Billy Preston kwenye kinanda, Pete Drake kaitwa kutoka Nashville na lile gita la kulaza la kikantri. Wanaonigusa zaidi ni vijana wa Badfinger, nao wana bendi yao na nyimbo zao, lakini pale wamekaa wanachapa magita makavu kodi zile zile pamoja ili sauti inenepe, na Phil Spector prodyuza anaongeza mwangwi juu yake. Huo mwangwi kwangu umezidi, na Harrison mwenyewe baadae alisema hivyo hivyo, kwa iyo kama sauti yake inakupotea tafuta miksi ya 2021, iko wazi zaidi.

Anza na My Sweet Lord kwa hedfoni, usikilize magita ya mwanzo tu kabla hajaimba. Mahakama 1976 ilisema melodi kaichukua bila kujijua kutoka He's So Fine, wimbo wa kundi la Chiffons, sawa, ila ule mpando wa haleluya mpaka Hare Krishna ni wake. Sahani ya tatu karibu yote ni jem, yaani wanamuziki wanapiga tu bila kupanga, mi huwa naiacha.

Solo maana yake nyimbo ni zako na neno la mwisho ni lako, mikono inaweza kuwa hata 20. Nilipoelewa hivyo nikairudia ile yangu na washkaji watatu wa kwaya, wa drams akaniambia punguza spidi unakimbia maneno yako mwenyewe, wa besi akakaa kimya beti nzima ya kwanza alafu akaingia kwenye kiitikio na kitu ambacho mi nisingekitunga hata nipewe mwaka mzima. Kwenye faili jina ni langu peke yangu, na kila nikiupiga huo wimbo huwa naisubiri ile besi iingie.