Barua kwa mwanangu: chai, malai na kramupeti huko Denver

Mwanangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Unauliza mbona chai ya Denver haikolei kama ya hapa Leicester, na kama malai ya Cornwall (krimu nzito iliyogandishwa kwa joto la polepole) na kramupeti (vikate vya Kiingereza vyenye matundu juu) vinawezekana kwenye jiko lako. Vinawezekana vyote, ila huko uliko kila kimoja kina sababu yake ya kugoma.

Chai kwanza. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100. Tena pakiti nyingi za chai za Marekani zina majani machache, kama gramu 2. Achana nazo. Sehemu kubwa ya chai inayonywewa Uingereza inatoka Kenya, basi nenda duka la Wahindi au la Waafrika Mashariki ukanunue majani ya Kenya yale ya punje ndogo. Weka gramu 3 kwa kikombe. Suuza buli kwa maji ya moto, mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika, subiri dakika 5, kisha ndipo utie maziwa. Birika la umeme la huko linachelewa kwa sababu umeme wao ni volti 120, lakini kuchelewa hakuharibu chai. Kinachoiharibu ni maji ya kupashwa kwenye maikrowevu, ambayo huwa ya moto juu na vuguvugu chini.

Malai ni kazi ya uvumilivu tu. Malai halisi ya Cornwall hayaruhusiwi kuwa na mafuta chini ya asilimia 55. Krimu nzito ya Marekani ina asilimia 36 hivi, kwa hiyo lita moja isikupe tamaa: utapata nusu yake, pengine pungufu. Soma lebo kabla hujalipa. Krimu iliyopitishwa kwenye joto kali sana ili ikae wiki nyingi haigandi vizuri, tafuta iliyopasteurishwa kawaida. Mimina kwenye bakuli pana la oveni, kina kisizidi sentimita 4, usifunike. Oveni iwe nyuzi 175 hadi 180 za Farenhaiti, kwa muda wa saa 12. Oveni nyingi za huko hujizima zenyewe saa 12 zikitimia, kwa hiyo anza jioni ili asubuhi uwepo. Usikoroge, usitikise. Ipoe, ilale kwenye friji angalau saa 8, ndipo uenguwe tabaka la juu kwa kijiko chenye matundu. Majimaji yanayobaki usimwage, kandia skonzi badala ya maziwa. Ukikuta ngozi ya kahawia iliyokauka, oveni yako inadanganya. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani.

Kramupeti ndizo zinazowashinda wengi, ingawa wewe unajua chila, na matundu ni yale yale. Changanya gramu 250 za unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kimoja cha chumvi, na mililita 320 za maji vuguvugu. Hamira ya chenga hapa tunatia gramu 5. Huko hewa ni nyepesi na unga huumuka haraka, tia gramu 4. Upige kwa nguvu dakika 3, uache mpaka ujae povu. Usingoje ushuke wenyewe. Yeyusha nusu kijiko cha chai cha beking soda kwenye mililita 30 za maji, koroga ndani, pumzisha dakika 15.

Paka mafuta kikaango na pete za chuma za kuzuia uji, moto mdogo, jaza sentimita moja na nusu. Pika moja peke yake kwanza. Mapovu yakipanda lakini yasipasuke, uji ni mzito, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Ukivuja chini ya pete, ni mwepesi. Chini ikiungua juu kungali kubichi, moto ni mkali, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa sababu ya haraka. Subiri dakika 8 hadi 10 mpaka juu pakauke, ndipo ugeuze kwa dakika moja tu. Siagi usipake kramupeti ikitoka tu jikoni. Ipoe, uichome tena kwenye tosta, ndipo siagi iteremke matunduni.

Maharage ya kopo sikuulizwa, lakini soma lebo: ya Marekani mara nyingi yana nyama ya nguruwe, na utamu umezidi. Chemsha maharage meupe madogo, yatie kwenye rojo laini la nyanya lenye sukari kidogo na siki.

Ukinunua pete, chukua za sentimita 9.

Mamako