Kipimajoto mlangoni, hewa nzito ndani: tuanze wapi kuwakinga wafanyakazi?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa zamu katika kituo cha kupokea simu za wateja. Tuko watu 30 katika chumba kimoja cha mita 10 kwa 8, na dari iko mita 3 juu. Tangu utangazwe mlipuko wa ugonjwa wa njia ya hewa, uongozi umeweka mlinzi mwenye kipimajoto mlangoni, umenunua pampu ya kuwapulizia dawa ya klorini wanaoingia, na ndoo za kupangusia meza. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele na kiyoyozi. Zamu ya asubuhi huweka kizibo kimoja cha dawa (mililita 20, na lebo inasema klorini asilimia 3.5) katika ndoo ya lita 10, zamu ya usiku humimina kwa kukisia. Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja anakohoa kwa kuwa asiyefika halipwi siku hiyo. Uongozi unasema tumejikinga vya kutosha. Je, ni kweli? Dawa ichanganywe vipi? Na kama fedha ni kidogo, tuanze na lipi?

JIBU: Ndugu msimamizi, hamjajikinga vya kutosha, na pampu ni afadhali ingebaki dukani. Lakini maelezo yako ni mazuri mno. Umenipa vipimo vya chumba, idadi ya watu na asilimia ya dawa. Wengi huniandikia "tuna ofisi, tufanyeje?" nami hubaki nikipapasa gizani.

Kabla ya kununua chochote, swali la kwanza huwa moja: ugonjwa huu unapita njia gani? Kipindupindu hupita kwenye maji, chakula na mikono iliyotoka chooni, kwa hiyo fedha huenda kwenye sabuni, maji safi na vyoo. Ebola hupita kwenye damu na majimaji ya mwili wa mtu ambaye tayari anaumwa. Dengi huletwa na mbu, na hapo barakoa ni pambo tu. Wenu unasafiri kwa pumzi. Uongozi wenu umetumia fedha zote mlangoni na kwenye meza, ilhali ugonjwa uko katika hewa ambayo watu 30 wanaivuta na kuitoa kwa saa nane, tena wakiongea muda wote. Anayeongea hutoa chembechembe nyingi kuliko aliyenyamaza, na kazi yenu ni kuongea.

Kuna kisa kinachofanana na chenu kama mapacha. Machi 2020, mjini Seoul, UVIKO-19 uliingia katika kituo cha simu kilichokuwa ghorofa ya 11 ya jengo refu. Wapimaji walipima watu 1,143 waliohusika na jengo hilo, wakakuta 97 wameambukizwa. Kati ya hao, 94 walikuwa wa ghorofa ile moja iliyokuwa na wafanyakazi 216, na wengi wao walikaa upande mmoja wa ukumbi. Watu wa ghorofa nyingine walipanda lifti zile zile na kupishana ukumbini chini, lakini karibu wote walisalimika. Dakika moja kwenye lifti haikuwa na madhara ya kutisha. Kukaa kutwa bega kwa bega katika hewa moja ndiko kulikowaangusha. Ukikutana na uongozi, anza na kisa hiki.

Tupige hesabu ya chumba chenu. Mita 10 mara 8 mara 3 ni mita za ujazo 240. Shirika la Afya Duniani, WHO, limependekeza kwa sehemu za kazi za kawaida angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watu 30 hizo ni lita 300 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 1,080 kwa saa. Yaani hewa yote ya chumba ibadilike mara nne na nusu kila saa. Mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, tangu 2023 inalenga mara tano, kwa hiyo namba hizi mbili zinakaribiana. Sasa jiulize: madirisha yakiwa yamefungwa, hewa yenu inabadilika mara ngapi? Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hakiingizi hewa ya nje. Kinavuta ya ndani, kinaipoza, kinairudisha. Ubaridi ule huwadanganya watu kwamba hewa ni safi.

Hutakiwi kukisia. Kuna vifaa vidogo vya mezani vinavyopima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Nje husoma karibu sehemu 420 kwa kila sehemu milioni za hewa. Ndani ikipita 800, ujue mnavuta pumzi za wenzenu kupita kiasi. Kiweke katikati ya chumba, usawa wa uso wa mtu aliyeketi, mbali na dirisha, na kisiwe mbele ya mdomo wa mtu. Kimoja kinatosha kwa chumba chenu.

Kelele kwa watu wa simu ni hoja ya kweli, siipuuzi. Fungueni madirisha ya upande uliotulia, mlango wa upande wa pili uwe wazi ili hewa ipite moja kwa moja, na feni iwekwe dirishani ikitazama nje ili itoe hewa ya ndani. Feni inayozunguka katikati ya chumba inasambaza tu pumzi ya mgonjwa kwa wasiokuwa wagonjwa. Wakati wa mapumziko na wa kubadilishana zamu, fungueni kila kitu wazi. Fedha zikipatikana, nunueni mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Mashine yenye uwezo wa mita za ujazo 400 kwa saa itawaongezea kama badiliko moja na theluthi mbili kwa saa. Ila fahamu jambo moja linalowachanganya wengi: mashine hiyo haipunguzi hewa ya ukaa, kwa hiyo kile kifaa cha mezani hakitashuka hata kama chembechembe zimepungua. Msije mkairudisha dukani mkidhani ni mbovu.

Njia nyingine isiyohitaji fundi ni kupunguza vichwa. Wakiwa 15 badala ya 30, hewa inayohitajika inashuka hadi mita za ujazo 540 kwa saa. Nani anaweza kupokea simu akiwa nyumbani? Nani anaweza kuanza saa mbili baadaye?

Kipimajoto sasa. Niliwahi kufika kwenye kiwanda kimoja kukagua, mlinzi akanielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, kikasoma 33.8. Akaniambia, "Karibu, uko salama." Mtu wa joto hilo kwa kweli anatakiwa kupelekwa hospitali! Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu kama arobaini, wamebanana wakisubiri kupimwa. Hata kifaa kikiwa kizima, mwenye mafua makali au UVIKO-19 anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya, na aliyemeza parasetamoli alfajiri atapita bila shida. Kipimajoto hakina dhambi, ila kisihesabiwe kuwa ulinzi. Maswali mawili kwa simu kabla mtu hajatoka nyumbani (unakohoa? umeamkaje?) yana maana zaidi, mradi jibu la kweli lisimgharimu.

Na hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu yule kijana wako ndiye habari yenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kazini mtu hafichi kwa ukaidi. Anaficha kwa sababu ameshapiga hesabu: nikisema naumwa, leo sili. Mahali pa kazi panapomkata mgonjwa mshahara panamlipa aje kuambukiza. Siku tatu za kijana huyo nyumbani, zikilipwa, ni mishahara ya siku tatu. Akija akawaangusha sita walioketi karibu naye, nani atapokea simu? Iandikieni kanuni fupi: mwenye dalili abaki nyumbani, alipwe, na kwa siku tatu za mwanzo asidaiwe cheti cha daktari. Kumdai cheti mtu mwenye mafua ni kumtuma akakae kwenye benchi la zahanati na wagonjwa wengine. Kama mna zawadi ya asiyekosa kazi, isimamisheni mpaka mlipuko uishe. Na wewe msimamizi, siku ukiamka unaumwa, usiende. Wakikuona unakohoa mezani, kanuni imekufa siku hiyo hiyo.

Akizidiwa akiwa kazini, mpeni barakoa, atoke chumbani akakae penye dirisha wazi (stoo isiyo na hewa haifai), na asirudishwe kwenye basi la wafanyakazi lililojaa. Andikeni waliokaa karibu naye siku hizo mbili za mwisho, waambieni mmoja mmoja wajiangalie. Jina lake lisitangazwe kwenye kundi la WhatsApp. Akianikwa mmoja, wa pili hatasema. Siku ya kurudi kazini ifuate maelekezo ya mamlaka ya afya kwa ugonjwa huo, isipangwe kwa huruma wala kwa hamu ya kujaza viti.

Pampu ya kupulizia watu iacheni kabisa. WHO ilisema wazi Mei 2020 kwamba kumnyunyizia mtu dawa ya kuua vijidudu hakupendekezwi kwa hali yoyote: inaunguza macho na ngozi, inasumbua kifua, na haigusi virusi vilivyo kooni. Mwenye pumu anaweza kushikwa hapo hapo mlangoni.

Kwa meza na vitasa, mchanganyiko wa klorini asilimia 0.1 unatosha. Kanuni ni hii: gawanya asilimia iliyo kwenye lebo kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni sehemu ngapi za maji kwa sehemu moja ya dawa. Yenu ni 3.5 gawanya kwa 0.1, unapata 35, toa moja, 34. Kwa ndoo ya lita 10 ni karibu mililita 286 za dawa. Kizibo kimoja cha mililita 20 kinawapa asilimia 0.007, dhaifu kuliko inavyotakiwa kwa karibu mara 14. Hayo ni maji yenye harufu. Zamu ya usiku sijui wanapata nini, na hata wao hawajui. Nunueni kikombe chenye mistari ya vipimo, mkifunge kwa kamba kwenye ndoo.

Maji yawe ya baridi, ndoo ya plastiki, dawa imiminwe ndani ya maji, mchanganyaji avae glavu na miwani ya kukinga macho, na dirisha liwe wazi. Changanyeni upya kila siku. Futeni kwanza uchafu kwa sabuni, maana klorini huishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa kijidudu. Kisha pakeni dawa na meza ibaki imelowa dakika 10. Kupangusa na kukausha papo hapo ni kupoteza dawa. Kamwe msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia. Hutoa gesi ya sumu, na wasafishaji wengi wameumia hivyo katika vyoo vidogo visivyo na hewa. Kibodi na simu zifutwe kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, klorini itaziharibu.

Hedifoni: kila mtu yake, na jina lake. Kuachiana kwenye kiti baina ya zamu kuishe leo. Mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20, au kitakasa chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60. Chakula kiliwe nje au kwa makundi madogo, kwa sababu mezani ndipo barakoa huvuliwa na stori hunoga.

Barakoa nimeziacha nyuma kwa makusudi. Zinafaa, hasa za hospitali zinapokaa vizuri usoni, lakini zinategemea kila mtu kukumbuka kila dakika, na anayeongea na mteja huivuta chini ya kidevu. Wa huduma ya kwanza, atakayemkaribia mgonjwa, apewe N95 au FFP2, barakoa zinazobana usoni na kuchuja chembechembe. Akiwa na ndevu, haitaziba pembeni, hivyo ateuliwe mwingine. Na gharama isikatwe kwenye mishahara: ibara ya 21 ya Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, inasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Kwa mpangilio wa fedha kidogo, basi: malipo ya siku za kuumwa na kufungua madirisha vianze kesho, kikombe cha vipimo na hedifoni vifuate, kisha kifaa cha hewa ya ukaa. Mashine ya HEPA ije mwisho. Mkishapata kifaa, niandikie namba nne kitakazosoma: saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku moja madirisha yakiwa yamefungwa na siku nyingine yakiwa wazi. Nikiziona nitaweza kukuambia kama mnahitaji mashine moja, mbili, au hamhitaji kabisa.