Mistari miwili, vipande vitatu

Mdogo wangu wa Nyegezi, umesema plazimidi yako, yaani DNA ndogo ya duara, ina urefu wa jozi besi 5,000. Ulipoikata kwa vimeng'enya vya kukata DNA na kuipitisha kwenye jeli, EcoRI imekupa mstari mmoja wa 5,000, HindIII imekupa 3,000 na 2,000, lakini ulipoweka vimeng'enya vyote viwili umeona 3,000 na 1,000 tu, na sasa unahofia DNA imepotea. Haijapotea hata kidogo.

Duara ni kama bangili: ukilikata mara moja unabaki na kipande kimoja, ukilikata mara tatu lazima upate vitatu. EcoRI imekata katikati ya kile cha 2,000, na nusu zake mbili za 1,000 zimekimbia sambamba, zikaonekana mstari mmoja. Jeli huchuja kwa urefu, kama nyavu za hapa ziwani: dagaa hupenya upesi, sangara huchelewa. Utazame ule mstari wa 1,000 kwa makini, utaona unang'aa kuliko inavyostahili kipande kimoja cha urefu huo.

Basi chora duara: HindIII kwenye 0 na 2,000, EcoRI kwenye 1,000. Na tafadhali, usikadirie ukubwa kwa DNA ambayo haijakatwa. Ile imejisokota, kwa kawaida hukimbia upesi na kuonekana fupi.