Fomu ya maoni niliyoijaza kwa haraka

Binti yetu alizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 32, akiwa na uzito wa gramu 1,600, na akalazwa katika wodi ya watoto wachanga kwa siku 26. Asubuhi ya kuruhusiwa, muuguzi alinipa fomu ya kupima kuridhika kwa wazazi, nami nikaweka alama ya "nimeridhika sana" kila mahali bila kusoma maswali, kwa kuwa mtoto alikuwa mikononi mwangu, yu hai, na sikuwa na haja ya kitu kingine chochote. Shukrani ile ilikuwa ya kweli, lakini majibu yangu hayakumsaidia mama aliyekifuata kile kitanda baada yangu.

Matibabu yenyewe yalikuwa mazuri na sina la kulalamikia. Alisaidiwa kupumua, akatibiwa umanjano, yaani ngozi na macho kugeuka rangi ya njano, na akalishwa maziwa niliyoyakamua kwa mrija uliopitishwa puani, kwani mtoto wa umri huo bado hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, uwezo ambao kwa kawaida huanza kujitokeza karibu na wiki ya 34. Kilichokosekana ni maelezo. Siku ya tatu nilimkuta amelazwa uchi chini ya taa ya buluu ya kutibu umanjano, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na kwa muda wa saa nzima niliamini kwamba amepofuka. Kumbe kitambaa kilikuwa kinamkinga na mwanga ule, na sentensi moja tu ingeniondolea kilio chote. Siku chache baadaye uzito wake ulishuka, nami nikajilaumu kwamba maziwa yangu hayafai, ingawa watoto wachanga wengi hupungua kidogo katika siku za mwanzo kisha wakaanza kuongezeka.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ulizia mapema saa ambayo madaktari hupita wodini, uwepo saa hiyo, na uwe na daftari. Andika swali linapokujia usiku, maana mbele ya daktari hofu hufuta kila kitu kichwani. Ukijibiwa kwa lugha usiyoielewa, omba urudiwe kwa maneno mepesi, kisha eleza wewe mwenyewe ulivyoelewa ili akusahihishe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuomba kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia iitwayo kangaruu. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watoto njiti na wenye uzito mdogo waanze kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa wale ambao hali yao hairuhusu, kama vile wanaopumua kwa mashine. Mimi nililisikia jambo hilo siku ya 12, tena kutoka kwa mama mwenzangu wa kitanda cha pili. Siku hiyo ndipo nilipojiona kuwa mama na si mgeni anayechungulia kupitia kioo. Baba naye anaweza kumbeba. Mume wangu aliachwa mlangoni kwa wiki mbili kwa sababu tu hakuna aliyefikiria kumwita.

Najua wengi hunyamaza wakihofu kwamba mtoto atahudumiwa vibaya mzazi akilalamika. Nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Hata hivyo, nilipomwomba muuguzi kiongozi wa zamu tuzungumze kando, kwa utulivu, alinisikiliza na kuanzia siku hiyo nilipewa taarifa kila zamu ilipobadilika. Wauguzi wale walikuwa wachache na watoto walikuwa wengi. Hawakuwa na ubaya wowote, walikuwa wamechoka.

Fomu nayo, ukipewa siku ya kuruhusiwa, omba uijaze nyumbani, moyo ukishatulia. Usiishie kwenye alama. Andika ni nani alikueleza, ni lini ulimgusa mwanao kwa mara ya kwanza, na kama ulifundishwa dalili za hatari kabla ya kuondoka: kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, joto kupanda au mwili kuwa baridi, kulegea. Baada ya wiki tatu nilirudi na barua ya kurasa mbili, nikianza na majina ya wauguzi watatu waliotuhudumia kwa upendo, kisha nikaeleza habari ya kile kitambaa cha macho.