Gego lililotibiwa mzizi: kofia ni lazima, au daktari anatafuta hela?

Mkuu, umesema gego lako la chini limetibiwa mzizi, maumivu yameisha, daktari ameliziba na sasa anataka alivishe kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholizunguka jino lote juu ya fizi, kwa bei inayozidi ya matibabu yenyewe. Unataka kujua kama ni lazima kweli au unakamuliwa tu. Na kuna mwenzetu hapo juu kakujibu kwamba jino lisipouma achana nalo. Jibu hilo ndilo limenifanya niandike kwa urefu, maana linaweza kukukosesha jino.

Mimi nina meno mawili yaliyotibiwa mzizi. La mbele juu halina kofia mpaka leo na sina mpango wa kuliwekea. Gego la chini lina kofia, na hela yake niliitoa bila kinyongo. Tofauti ya meno hayo mawili ndiyo itakayokusaidia kuamua.

Kwanza maumivu. Daktari akishatoa mshipa wa ndani, jino halisikii tena baridi wala sukari. Kinachobaki na hisia ni zile nyuzi zinazoushika mzizi kwenye mfupa, nazo huuma usaha ukirudi au ufa ukishafika mbali. Kwa hiyo jino kutulia ni dalili nzuri kuhusu maambukizi, lakini halikwambii chochote kuhusu uimara wa kuta zilizobaki. Jino linaweza kukaa kimya kabisa, siku moja ukatafuna kijiwe kwenye maharage, likapasuka mpaka chini ya fizi. Likipasuka hivyo, mara nyingi hakuna tena cha kutibu isipokuwa kung'oa.

Wengi tumeambiwa jino likiuawa linakauka, ndiyo maana linavunjika. Ukavu si sababu kubwa. Sababu kubwa ni sehemu ya jino ambayo haipo tena: kwanza meno yetu tunayapeleka hospitali yakiwa yameliwa sana, halafu daktari anaondoa kilichooza, halafu anatoboa katikati ili aifikie mizizi. Mwaka 1989 mtafiti Reeh na wenzake walipima jambo hili kwenye meno yaliyong'olewa. Tundu la kuingilia mizizi peke yake lilipunguza ugumu wa jino kwa asilimia 5 hivi tu. Lakini jino lililopoteza kingo zote mbili, zile zinazogusana na meno jirani mbele na nyuma, lilipoteza zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo muulize daktari wako swali hili hasa: kingo zangu za mbele na nyuma zipo? Kama zote zimeondoka na umebaki na kuta mbili nyembamba, ya shavuni na ya ulimini, kila unapotafuna chakula kinazisukuma zitengane. Kofia inazifunga pamoja, kama ile pete ya chuma kwenye mpini wa patasi inavyouzuia mti usipasuke kila seremala anapogonga.

Ndiyo maana jino langu la mbele halihitaji. Halitafuni, linakata tu, na tundu lililotobolewa nyuma yake lilikuwa dogo. Limezibwa kwa dawa nyeupe ngumu na linaendelea vizuri. Kulivisha kofia kungelazimu kuchonga sehemu kubwa ya jino ambalo halijaharibika, na hapo ndipo ningeona naibiwa. Ukiambiwa jino la mbele lenye kuta zote ni lazima livikwe, omba maelezo ya ziada. Labda limebadilika sana rangi au limevunjika nusu, hapo sawa.

Magego ni habari nyingine. Kuna utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002, uliofanywa kwa wagonjwa wa chuo cha meno cha Iowa, Marekani: meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa yalipotea kwa kasi mara 6 zaidi ya yaliyovikwa. Usiichukue hiyo 6 kama amri, kwa sababu madaktari nao huwa wanayavisha meno yenye hali nzuri tangu mwanzo. Hata hivyo ukiunganisha na nguvu tunazotumia kutafuna, makande, miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa ya kuku, mimi sioni gego lililochimbuka sana likidumu bila kufunikwa. Magego madogo ya juu nayo yapo hatarini, yana tabia ya kupasuka katikati. Na kama unasaga meno usiku, usisite.

Sasa sehemu ambayo watu hawaiulizi kabisa: jino lenyewe linastahili kofia? Kofia haishiki hewani. Inahitaji ukingo wa jino zima, lisilooza, wa kama milimita 2 kuzunguka juu ya fizi. Kama jino limekatika usawa wa fizi, daktari atakwambia aweke kipini ndani ya mzizi. Kipini kinasaidia kushika ziba la juu, hakiuongezei mzizi nguvu, na ukingo ukikosekana kipini hicho hicho kinaweza kuupasua. Omba pia uonyeshwe eksirei ya mwisho. Dawa ya mizizi iwe imefika karibu na ncha na haina nafasi katikati, na kama kulikuwa na uvimbe wa usaha, uhakikishe unapungua. Mizizi ikiwa imezibwa vibaya, irudiwe kwanza, kwa sababu kutoboa kofia mpya ili kuifikia tena ni hasara juu ya hasara. Daktari anayekuonyesha picha na kukueleza haya huyo hakukamui. Anayekataa kukuonyesha, chukua picha zako ukaulize kwingine.

Kuhusu aina, usikubali kusukumwa kwenye ya bei kubwa kwa ajili ya gego la nyuma lisiloonekana. Kofia ya chuma kitupu haina uzuri, lakini inahitaji jino lichongwe kidogo na haimeguki. Ya chuma iliyofunikwa kauri inafanana na jino, ila kauri yake huweza kubanduka. Zirkonia, aina ya kauri, ni ngumu na nyeupe, na mara nyingi ni ghali. Mimi ni mtu wa Arumeru, meno yangu yana ukahawia wa maji yetu yenye floraidi nyingi, na fundi wa maabara alipata shida kulinganisha rangi. Kwa wenzangu wa huko: msiende kuchagua rangi chini ya taa tu, sogea dirishani, na fundi aelezwe mapema kwamba hatafuti jino jeupe.

Kazi yenyewe ni kuchongwa jino, kuchukuliwa chapa ya umbo lake, kuvaa kofia ya muda, kisha kurudi kugandishiwa ya kudumu. Siku ya mwisho hakikisha unang'ata ile karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogusana, na daktari arekebishe mpaka usihisi kofia inatangulia kugusa kabla ya meno mengine. Baadaye piga mswaki pale kofia inapokutana na fizi na upitishe uzi wa meno, kwa maana kofia haiozi ila jino lililo chini yake linaoza.

Na kama hela haipo sasa? Usikimbilie kung'oa. Kung'oa ni rahisi leo, lakini pengo linaweza kufanya meno ya jirani yalale, la juu lishuke, na kuliziba baadaye mara nyingi kunagharimu zaidi kuliko kofia. Mwombe daktari apunguze vilele vya gego, zile ncha za kutafunia, na kuvifunika kwa dawa ya kudumu ya kuziba, ile nyeupe au ya rangi ya fedha. Haitadumu kama kofia, lakini inakulinda unapojikusanya, na utafunie upande wa pili. Angalia pia ziba ulilonalo sasa ni la kudumu au la muda. La muda ni laini, linaanza kupitisha mate na bakteria baada ya wiki chache, na mizizi iliyosafishwa kwa gharama ile inachafuka upya. Hilo ndilo la kushughulikia wiki hii, hata kabla hujaamua kuhusu kofia.

Ukipata picha yako, tuambie kingo zilizobaki ni zipi na kama jino la juu linalokutana nalo lipo. Hapo tutaweza kukushauri kwa uhakika zaidi.