Karatasi ya papa inasema utumbo ni mzima: tuamini?

SWALI: Jambo mama mwuguzi. Papa yangu ana miaka 56. Kaka yake wa tumbo moja alikufa kwa kansa ya utumbo mpana, iliyoonekana akiwa na miaka 52. Familia tukachanga pesa, papa akafanyiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera ndani ya utumbo mpana, ingawa haumwi popote. Dawa ya kusafisha tumbo aliinywa yote jioni, kipimo kikawa kesho yake saa tano. Alikaa ndani robo saa tu. Karatasi ina mstari mmoja: "Utumbo ni mzima, arudi baada ya miaka 10." Jirani anasema tumeliwa pesa. Nitajuaje kama walipima vizuri?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Binti yangu, robo saa peke yake haitoshi kumhukumu daktari. Mpira ule husukumwa kwanza mpaka mwisho, pale utumbo mpana unapoanzia, karibu na kidole tumbo. Kuangalia kwenyewe hufanywa wakati wa kuuvuta polepole kurudi. Madaktari wa Marekani walikuwa wanadai dakika 6 za kurudi. Mwaka 2024 wakapandisha hadi 8. Kwa hiyo uliza dakika za kurudi, tena uliza picha ya tundu la kidole tumbo. Bila picha hiyo, utajuaje kama walifika?

Linalonisumbua zaidi ni ile dawa ya jioni. Ukimaliza yote jioni, usiku utumbo unaendelea kuteremsha majimaji mazito, na kufikia saa tano upande wa kulia umeshapakwa tena. Inatakiwa nusu jioni, nusu alfajiri, yaani masaa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Siku ya kuamkia kipimo hakuna sombe, maharagwe wala mapera. Zile mbegu huziba mpira. Choo cha mwisho kiwe maji ya njano unayoweza kuona chini yake. Muulize papa chake kilikuwaje.

Nasema hivi kwa uchungu. Nimefanya kazi chumba cha kolonoskopi miaka 11. Mzee mmoja alitoka mbali, njia ya Shabunda, pesa zimemwishia. Upande wa kulia ulikuwa umefunikwa na uchafu. Ikaandikwa "mzima". Mimi ndiye niliyeshika bomba la maji, niliona, nikanyamaza. Baada ya miaka miwili alirudi na uvimbe upande uleule. Karatasi ya kweli ingesema: hatukuona vizuri, arudie.

Kuna hesabu nyingine, nayo ni ya daktari mwenyewe. Kansa hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo kiitwacho adenoma, kinachokua kwa miaka. Kati ya watu 100 anaowachunguza, daktari anakuta adenoma kwa wangapi? Kiwango cha chini cha Marekani cha 2024, kwa wenye miaka 45 na zaidi, ni 35: wanaume 40, wanawake 30. Huko Poland, utafiti wa 2010 kwa watu zaidi ya 45,000 ulionyesha kwamba waliopimwa na madaktari wanaokuta chini ya 20 ndio waliopata zaidi kansa kabla ya kipimo kilichofuata. Sitaki umpige daktari wetu na namba za Marekani. Watu wa kule si sisi. Lakini namba yake aijue, na akiulizwa kwa heshima asikasirike.

Ile "miaka 10" siikubali hata kidogo. Ni ya mtu asiye na kansa katika familia. Ndugu wa tumbo moja akiugua kabla ya miaka 60, kipimo hurudiwa kila miaka 5, hata kikiwa kizuri. Na kama choo cha papa kilikuwa bado cheusi au kizito asubuhi ile, msingoje hata hiyo 5: mrudishe mwaka huu, na dawa agawe mara mbili.

Wadogo zake papa wa tumbo moja nao waambieni. Waliofika miaka 40, zamu yao imeshafika.