Se7en au Seven? Jina lipi liingie kwenye katalogi

Swali: Natunza katalogi ya filamu katika maktaba ya chuo, na taarifa nyingi nachota IMDb na Wikipedia. Filamu ya David Fincher ya 1995 IMDb wanaiita Se7en, Wikipedia ya Kiingereza wanaiita Seven. Mwenzangu anasema hiyo 7 ni pambo la nembo, niifute. Mimi naona ndilo jina lenyewe. Nani kati yetu yuko sahihi, na niandikeje ili anayetafuta asiikose?

Jibu: Mnagombania mambo mawili mkidhani ni moja. Kuna jina unalonakili, na kuna jina ambalo mtu atalitumia kutafuta. Yatenganishe, ugomvi utapungua sana.

Tovuti hizo mbili hazijakosea, ila kila moja ina kanuni yake. IMDb hufuata jina lililoonekana kwenye skrini filamu ilipotoka mara ya kwanza katika nchi yake. Wikipedia hupendelea maandishi ya kawaida, na mtindo wa nembo huutaja mara moja tu mwanzoni mwa makala.

Sisi wakutubi tuko karibu zaidi na IMDb: jina hutolewa ndani ya filamu yenyewe, kabla ya kava na kabla ya bango. Kwa hiyo weka diski, simamisha picha pale jina linapotokea, andika unachokiona. Hapa utaiona 7, basi iache. Ila ukishaikubali kanuni hii, ikubali hata pale inapokunyang'anya pambo ulilolizoea. Kichekesho cha vita cha Robert Altman cha 1970 kina nyota kwenye bango, M*A*S*H, lakini kwenye skrini ni MASH bila nyota. Andika MASH. Tamthilia ya televisheni iliyoanza 1972 ndiyo yenye nyota, nayo ni rekodi nyingine kabisa.

Herufi kubwa na ndogo usizinakili. Mabango mengi huandika jina zima kwa herufi kubwa, kwa hiyo hayakwambii lolote. Fuata kanuni za uandishi za lugha ya jina hilo. Wahariri wa Wikipedia waliwahi kubishana kwa zaidi ya maneno 40,000 kama neno la tatu katika Star Trek Into Darkness (2013) lianze kwa I kubwa au ndogo. I kubwa ikashinda. Kwa mkutubi mwenye foleni ya diski mezani, huo ni muda wa kuingiza rekodi nyingi tu.

Kinachosumbua zaidi ni jina linalobadilishwa baadaye. Star Wars ya 1977 ilitoka bila maneno Episode IV wala A New Hope. Yaliongezwa iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1981. Nakala nyingi za DVD zina jina hilo refu. Andika la nakala uliyonayo, kisha lile la 1977 uliweke kama jina mbadala.

Sasa utekelezaji. Kama mnatumia MARC, yaani muundo wa rekodi za maktaba wenye nyuga za namba, jina la skrini liingie uga wa 245, na kila namna nyingine ambayo mtu anaweza kuiandika iingie 246: Seven, na hata Se7en Seven kama wanafunzi wenu huandika hivyo. Utafutaji wa jina kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba, husoma nyuga zote mbili. Usisahau alama zisizopatikana kwenye kibodi: WALL·E ya 2008 ina kitone cha katikati ambacho hakuna mwanafunzi atakayekitafuta, kwa hiyo ongeza WALL-E na Walle. Kama katalogi yenu ni jedwali la kawaida, safu moja ya "majina mengine" inatosha.

Unapooanisha rekodi zenu na za IMDb, tumia namba, usitumie jina. Ya Se7en ni tt0114369. Jina likibadilishwa kesho, namba itabaki ileile. Kisha kwenye uga wa 500 andika "Jina kutoka kwenye skrini", ili mwenzako akitaka tena kuifuta hiyo 7 ajue ilitoka wapi.